Dakika Kumi za Mwalimu Ephraimu

Mezani kwangu Ngarenaro nimebandika karatasi moja, nimeiandika kwa wino mwekundu: HATUPIGI WINDOW, TUNATENGENEZA. Mafundi wa mtaa wanaielewa. Kompyuta ikisumbua, wengi wao hukimbilia kufuta kila kilichomo na kupachika mfumo mpya, kisha humrudishia mteja mashine tupu kama nyumba iliyohamwa. Mimi nilikataa ufundi wa namna hiyo. Mazabodi, ile bodi kuu inayobeba kila kitu, ikifa, nilitafuta mazabodi nyingine, nikairudishia diski ileile na mfumo uleule, na mwenye mashine akiiwasha alikuta picha zake, barua zake, hata takataka zake, palepale alipoziacha. Sikusomea chuo. Nilijifunza kwa kuunguza vidole, na nilijivunia makovu yake kuliko wenzangu wanavyojivunia vyeti.

Mama Ndesanjo alikuja Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mvua ikinyesha. Laptop ilikuwa imefungwa kwenye kitenge, na juu ya kitenge ameivalisha mfuko wa mbolea. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa mpaka mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye Godwin asiyefuta?"

"Ndiye huyo huyo," akajibu Lemayian kabla yangu. Lemayian hutengeneza simu upande wa pili wa meza yangu, na hajawahi kuona mazungumzo yasiyomhusu. "Ila usimsifu sana, mama. Meza yenyewe ni finyu, akivimba mimi nitakaa wapi?"

Mama alicheka kidogo, akakaa, akaanza kufungua kitenge fundo kwa fundo.

"Ni ya Mwalimu," alisema.

Mwalimu Ephraimu alikuwa mume wake. Alifundisha shule ya msingi hadi akastaafu, na alifundisha kwaya ya usharika wao, Nkoaranga, miaka thelathini na moja. Alifariki mwaka jana mwezi wa nne. Mwaka huu, Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo, familia ingeweka msalaba wa kudumu juu ya kaburi, na kwaya ingeimba wimbo wa mwisho aliotunga. Wimbo ulikuwa na beti nne. Alikuwa amewafundisha ubeti wa kwanza tu alipolazwa hospitali. Beti nyingine tatu zilikuwa humo kwenye mashine, amejirekodi akiimba.

"Ndesanjo, mwanangu aliyeko Dodoma, anasema ataninunulia mpya," alisema. "Nikamwuliza, hiyo mpya itaimba nini?"

"Hii inawaka?"

"Inawaka. Inakaa kama dakika kumi, halafu inakata kama mtu wa pumu. Nikiisubiri ipoe inawaka tena. Siku hizi naogopa hata kuigusa."

Nikaiwasha. Aliandika paswedi mwenyewe kwa kidole kimoja, jina la ng'ombe wao wa kwanza, akitamka kila herufi kimoyomoyo. Ikatokea picha ya kwaya wamevaa majoho ya zambarau, na pembeni mzee mwembamba ameinua mikono. Nikalifungua faili la nyimbo. Zilikuwa nyingi, zimepangwa kwa miaka. Nikaubonyeza wa mwisho, nikausogeza mbele ili nisipoteze muda.

Sauti ikatoka. Ilikuwa sauti ya mzee, kavu kidogo, na nyuma yake kuku alikuwa akitetea. Aliimba:

*Kilima chako ni kirefu,*
*na goti langu limechoka;*
*nisubiri hapo konani...*

Mama aliweka kiganja juu ya meza, karibu na spika, bila kuigusa.

"Huo ubeti sijawahi kuusikia," alisema taratibu.

Lemayian aliacha simu aliyokuwa akiifungua. Alichomoa flashi kwenye droo yake, akaninyooshea. "Kopi kwanza, Godwin. Nyimbo zote ni dakika mbili tatu."

Niliitazama ile flashi kama mtu mzima wa miguu aliyepewa mkongojo. Mbele ya mteja, mezani kwangu, chini ya karatasi yangu.

"Kukopi ni kwa fundi anayeogopa," nilisema. "Mama, mashine hii itaamka isijue kwamba ililala."

Nikaifunga kwa mkono mmoja, ikalia tap. Ilikuwa haijamaliza hata dakika nne.

Bodi ya kufanana na ile niliipata siku iliyofuata, kwenye laptop iliyovunjika kioo. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Sasa, mtaani kwetu kuna sheria ambayo haikuandikwa na mtu yeyote: bodi ya zamani ni ya fundi. Mteja haiulizi, na fundi haitaji. Unaivua vipuri vinavyofaa, mabaki unamtupia mtu wa skrepa anayepita kila Jumatano na gunia. Mimi nilikuwa na mteja mwingine anayesubiri kipuri kidogo cha kupitishia umeme, na bodi ya Mwalimu ilikuwa nacho. Jumanne jioni nikaipuliza kwa hewa ya moto, nikakibandua. Jumatano asubuhi mtu wa skrepa akapita, nikamtupia mabaki.

Jumatano mchana nikaifunga mashine ya Mwalimu, nikaiwasha. Feni ikazunguka. Taa zikawaka. Nikamgeukia Lemayian nikiwa tayari na neno la kumwambia.

Skrini ikawa ya bluu. Haikuonyesha kwaya wala majoho. Ilionyesha maandishi meupe na mstari mmoja wa kujaza, ikitaka ufunguo wa tarakimu arobaini na nane.

Nilizima nikawasha. Nilitoa betri, nikarudisha. Nilikuwa nimebadilisha bodi zaidi ya thelathini, lakini nyingi zilikuwa za mashine za zamani. Hizi mpya nyingine hutoka dukani diski imefungwa kwa kufuli la siri, na kufuli hilo hujifungua lenyewe kila asubuhi kwa sababu diski na bodi yake zinafahamiana. Ukiipa diski bodi ngeni, inakataa. Inataka ufunguo, na bila ufunguo, kila kilichomo ni mavumbi. Nilikuwa nimesikia habari za kufuli hilo. Nilidhani ni mambo ya mabenki. Na fundi yeyote anayelijua angelifungua kwanza, mashine ikiwa hai, kwa kazi isiyozidi dakika moja. Au angekopi tu.

"Bodi ya zamani iko wapi?" Lemayian aliuliza.

Nilikimbia. Mtu wa skrepa nilimkuta kwenye uwanja wake nyuma ya magereji, ameketi kwenye ndoo, anagonga. Bodi ya Mwalimu niliipata bila shida. Niliijua kwa alama yangu ya wino. Alikuwa ameshaing'oa shaba kwa nyundo. Ilikuwa vipande viwili, na ufa umepita katikati ya kile kipande cheusi kilichobeba akili yake yote.

"Hii bado unaitaka?" aliniuliza.

Alhamisi Mama Ndesanjo aliteremka tena mjini. Nilimwonyesha ile skrini, nikamwambia inahitaji namba. Hilo lilikuwa kweli. Tukampigia Ndesanjo, simu ikawekwa mezani ili wote tusikie.

"Shikamoo, mama. Ufunguo upo," Ndesanjo alisema kutoka Dodoma. "Siku nilipomwashia baba hiyo mashine, nilimwonyesha zile namba. Akakataa nimwekee kwenye mtandao, akasema mtandao wenyewe Nkoaranga unapanda na kushuka. Alinakili kwa mkono. Nilimwambia aweke mahali ambapo hawezi kupoteza."

Mama akanyanyua uso. "Namba nyingi? Mafungu mafungu?"

"Mafungu manane."

"Aliziandika nyuma ya kitabu cha nyimbo," alisema. "Kwenye lile jalada la mwisho. Nilimwona, nikasema sasa anaandikia nini kwenye kitabu cha Mungu, akasema hiki ndicho nisichoweza kupoteza."

Nikasema, haraka mno, "Kitabu kiko wapi, mama? Naweza kupanda kukichukua hata leo."

Mama alitazama mikono yake.

"Kiko kifuani kwake," mama alisema.

Kwenye kwaya yao, mwalimu wa kwaya huzikwa na kitabu chake. Siku ya kumsindikiza, wanakwaya wawili walikuwa wamesema kitabu kibaki kanisani, kwamba mwalimu aliandika alama nyingi pembeni mwa nyimbo na wangezihitaji. Mke wake ndiye aliyekataa. Alisema mume wake hajawahi kuingia kanisani mikono mitupu, hataingia huko mikono mitupu. Akakiweka mwenyewe, akaikunja mikono ya mumewe juu yake.

"Nimeuzika mimi," alisema. "Wimbo wake nimeuzika mimi mwenyewe, kwa mikono hii."

Hapo ndipo pa kusema. Nimeipima nafasi ile mara nyingi tangu siku hiyo, na kila nikiipima naikuta pana, yenye kutosha mtu mzima kusimama na kusema: hapana, mama, kitabu kisingehitajika kamwe kama mimi nisingekuwa mjinga mwenye majivuno. Lemayian alikuwa ameinamisha kichwa kwenye simu ya mtu, lakini bisibisi haikuwa ikizunguka.

"Pole sana, mama," nikasema.

"Usihuzunike, baba. Wewe kazi yako umeifanya. Inawaka." Akaanza kuifunga laptop kwenye kitenge chake. "Usiifute tu. Hata siku nikiirudisha na watu wakakwambia uifute, usikubali."

"Sitaifuta."

Akashukuru. Alinipa na parachichi sita alizokuwa ameniletea.

Alipokunja kona, Lemayian akasema, "Leo hukuwa na maneno."

"Hakuniuliza."

"Hakujua cha kuuliza."

"Nyamaza, Lemayian."

"Mimi nanyamaza," alisema. "Mimi sijabandika karatasi."

Zile parachichi ziliiva juu ya rafu, zikapitiliza, nikazitupa. Nilijiambia mambo mengi wiki hizo. Kwamba bodi ingekufa tu. Kwamba kitabu kweli kilizikwa, na mimi sikumzika mtu. Kwamba nikisema, mtaa mzima utajua, na wale wanaopiga window watacheka wakiinyooshea kidole karatasi yangu. Na usiku, kabla ya usingizi, wimbo ulikuwa unakuja. Mimi hushika mstari nikiusikia mara moja, ndivyo nilivyo tangu utoto. Mizani inakaa kwenye vidole vyangu bila kuitwa. *Kilima chako ni kirefu, na goti langu limechoka.* Ulikuwa unakuja mpaka konani, unasimama.

Mama alinipigia mara tatu. Mara ya kwanza aliuliza kama kuna njia nyingine. Mara ya pili alisema alijaribu kukumbuka zile namba, kwamba fungu la kwanza lilianza na nne, au saba. Mara ya tatu ilikuwa Jumanne, siku kumi na mbili kabla ya siku ya msalaba. Sauti yake ilikuwa chini, kama anayeongea na kuna watu chumba cha pili.

"Baba, nakuuliza kitu usinicheke. Karatasi ikikaa chini ya udongo mwaka mzima, wino unabaki?"

Nikamwambia sijui.

"Nimeenda kwa mchungaji. Nimemwuliza kama kaburi linaweza kufunguliwa kidogo tu." Akavuta pumzi. "Hakunigombeza. Alinishika mkono, akaniombea. Lakini nilipotoka niliona aibu, Godwin. Kwaya wamejua. Wanasema, tulikwambia."

Alipokata simu nilikaa na kifaa mkononi. Lemayian alinyoosha mkono akazima pasi yangu ya kuyeyushia risasi, kwa sababu ilikuwa inaunguza meza.

Asubuhi nilipanda Nkoaranga. Bodaboda aliniacha pale njia inapokuwa ya miguu tu, utelezi mtupu, kahawa upande huu na migomba upande ule. Kwenye ua wa shamba moja kulikuwa na isale, ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani. Mimi ni wa Machame kwa baba na mama, na bibi yangu alinifundisha kwamba ukimkosea mtu kosa lisilolipika, unakata jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea mkononi. Nilipokuwa kijana nilicheka habari hizo. Nilikata jani, nikalifunga fundo, nikaliweka ndani ya mkoba kati ya bisibisi zangu.

Mama Ndesanjo alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, anapalilia pembeni mwa kaburi. Msalaba wa mbao bado ulikuwepo, jina limeanza kufifia. Karibu yake kulikuwa na rundo la kokoto na mifuko miwili ya saruji iliyofunikwa turubai, tayari kwa mafundi wa Ijumaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepanda na utelezi wote huu? Umepata njia?"

Nilitoa lile jani. Nilidhani nitaanza na maneno, lakini mkono ulitangulia.

Alilitazama. Wameru na sisi wa Kilimanjaro hatutofautiani sana katika jambo hilo. Alijua ni nini. Alijua pia kwamba ukilipokea huna ruhusa tena ya kumkatalia aliyelileta. Akaurudisha mkono wake nyuma, wenye jembe.

"Usinipe bado," alisema. "Nikilishika itabidi nikusamehe, na sijasikia."

Nikasema. Nilisema nikiwa nimesimama, kofia mkononi, na sikujipunguzia. Kwamba siku ile mashine ilikuwa hai na kufuli liko wazi. Kwamba kulikuwa na dakika sita zimebaki, na flashi ilikuwa imenyooshwa mbele ya uso wangu. Kwamba niliogopa kuonekana fundi mdogo. Kwamba bodi ya zamani niliichoma kwa ajili ya mteja mwingine kabla sijaijaribu mpya. Kwamba kitabu kingeweza kulala kifuani kwa Mwalimu mpaka siku ya mwisho, na nyimbo zote zingekuwa leo ziko mikononi mwa kwaya.

Alisikiliza akitazama udongo.

"Kwa hiyo si kitabu," alisema.

"Si kitabu, mama. Ni mimi."

"Wiki tano." Aliliegemeza jembe kwenye mgomba, likaanguka, hakuliokota. "Wiki tano kila jioni nimekuja hapa kumwomba huyu msamaha. Nimemwambia, nisamehe kwa kukupa kitabu chako. Nimeomba msamaha kwa kitu kizuri nilichomfanyia. Wewe ulikuwa wapi?"

Alikaa kwenye mfuko wa saruji. Nilidhani analia, lakini alipoinua uso ulikuwa mkavu.

"Ule ubeti tuliousikia pale mezani," alisema. "Mimi nilisikia sauti yake tu. Nilishindwa kushika maneno. Wewe uliyashika?"

"Niliyashika."

"Imba."

"Mama, mimi sina sauti."

"Sikukuuliza sauti."

Nikaimba, pale kwenye migomba, kwa sauti yangu ya kukwaruza. *Kilima chako ni kirefu, na goti langu limechoka.* Alinisimamisha. Alisema hapo kwenye *goti*, kama kwenye ubeti wa kwanza, Mwalimu huwa anashuka, anavuta, hakimbilii. Nikarudia. Akatikisa kichwa, akaimba mwenyewe chini chini, akalipata, nikamfuata. Tulirudia mara nne au tano mpaka akaridhika. *Nisubiri hapo konani.*

"Hiyo kona naijua," alisema. "Ni pale chini ya kanisa. Goti lilimsumbua mwaka mzima, akawa anasimama njiani, mimi natangulia, halafu namsubiri pale." Akanigeukia. "Halafu?"

"Halafu nini, mama?"

"Baada ya *konani*. Anasemaje?"

"Alivuta pumzi," nilisema. "Nikaifunga."

Alinitazama, na nilitamani anitukane.

"Ulimsikia anavuta pumzi ya kuendelea."

"Nilimsikia."

Aliinuka, akaokota jembe, akaingia ndani. Mimi nilibaki na jani mkononi. Baada ya muda alitoka na kikombe cha chai, akakiweka juu ya mfuko wa saruji, si mkononi mwangu.

"Hilo mimi silipokei leo," alisema. "Mpe yeye. Umwambie na yeye, kama ulivyoniambia mimi."

Nikapiga magoti kwenye udongo uliolowa, nikaliweka jani chini ya msalaba. Nikasema, "Shikamoo, Mwalimu," nikasubiri kama mtu anavyosubiri marahaba, kisha nikaanza upya kutoka kwenye flashi.

Jumapili ya msalaba nilisimama nyuma kabisa, karibu na wapiga picha. Kabla ya wimbo, Mama Ndesanjo alisimama mbele ya watu akasema kwamba habari waliyoisikia, kwamba kitabu ndicho kilichopoteza wimbo, haikuwa kweli, kwamba kitabu cha Mwalimu kiko mahali pake na kitakaa hapo. Hakunitaja jina. Kisha kwaya wakaimba ubeti wa kwanza kwa sauti nne, na baada yake ile mistari mitatu aliyowafundisha mama, sauti moja tu, wote pamoja, mpaka konani. Hapo wakavuta pumzi. Niliisikia, vifua arobaini kwa mara moja. Wakakaa nayo, kisha wakaiachia bila neno, na mchungaji akafungua kitambaa kwenye msalaba.

Laptop iko sebuleni kwake, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mwezi uliopita alinipigia kuuliza kama ni vibaya kuiwasha mara moja moja. Nikamwambia si vibaya. Akasema huwa anajaribu fungu la kwanza kwa kuanza na nne, na siku nyingine kwa kuanza na saba.